Kubadili Mazoea ya Mazingira Mtaani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umekusanya maswali ambayo wajumbe wa kamati za mazingira, viongozi wa vikoba, walimu wa klabu za shule na vijana wa vikundi vya usafi huuliza tena na tena wanapoanza kutumia masoko ya kijamii. Mifano mingi ni ya taka na nishati ya kupikia mijini, kwa sababu huko ndiko maswali yanakotoka kwa wingi. Pale jibu moja linapogusa jingine, tumeweka namba ya swali.

## Mambo ya mwanzo

1. Masoko ya kijamii ni nini, na yanahusianaje na mazingira?

Ni njia ya kuwasaidia watu waanze tabia yenye manufaa kwa jamii na wadumu nayo, kwa kutumia maarifa ambayo wafanyabiashara wameyatumia miaka mingi: mjue mteja, jua kinachomzuia kununua, kisha kiondoe. Hapa bidhaa yenyewe ni tabia, kama kutenga mabaki ya chakula na taka kavu, kuloweka maharage kabla ya kupika, au kuzima injini gari likiwa limesimama.

Aina tunayoizungumzia inaanzia katika jamii. Kazi hufanyika uso kwa uso, mtaani, sokoni au shuleni, pale pale tabia inapotendeka. Tangazo la redio linaweza kuisindikiza kazi hiyo, ila haliwezi kuibeba. Mwanasaikolojia wa mazingira wa Kanada, Doug McKenzie-Mohr, ndiye aliyezipanga mbinu hizi katika hatua tano zinazofuatwa sehemu nyingi leo: kuchagua tabia, kutafuta vikwazo na manufaa yake, kupanga mkakati, kufanya jaribio dogo, kisha kupanua na kutathmini.

2. Tumefanya semina na kugawa vipeperushi, lakini watu bado wanatupa taka mtaroni. Tumekosea wapi?

Huenda mlianza na imani kwamba watu hawajui. Anayemwaga taka mtaroni usiku wa mvua anajua vizuri kwamba mtaro utaziba, na ndiyo maana anangoja usiku. Anachokosa ni gari la taka linalopita siku inayojulikana, au hela ya ada ya mwezi huo, au mahali pa kuhifadhi kiroba hadi siku ya gari bila mbwa kukichana. Kipeperushi hakigusi hata kimoja kati ya hivyo.

Elimu ina kazi yake pale ambapo kutojua ndiko kunakozuia. Kwa mfano, wakazi wengi hawana uhakika ni plastiki zipi wanunuzi wa makopo wanazichukua na zipi wanaziacha. Hapo maelezo mafupi yenye picha yanafaa sana. Lakini hilo lazima mligundue kwanza, msilidhanie (swali la 7).

3. Si serikali ipige marufuku tu, mambo yaishe?

Marufuku inafanya kazi kubwa, hasa inapowabana wachache wanaotengeneza, kuingiza au kuuza. Mifuko ya plastiki ni ushahidi mzuri: Zanzibar iliipiga marufuku mwaka 2006, Rwanda ikatunga sheria mwaka 2008, Kenya ikafuata tarehe 28 Agosti 2017 kwa adhabu inayoweza kufika faini ya shilingi milioni 4 za Kenya au kifungo cha miaka minne, na Tanzania Bara ikaanza tarehe 1 Juni 2019. Mabadiliko sokoni yalionekana wazi. Watu walirudi kwenye vikapu na mifuko ya kitambaa.

Ila mwangalie muuza duka aliyezoea kupima sukari robo kilo. Mfuko uliondoka, haja ya kufungia sukari ikabaki. Vifungashio laini vikaanza kufanya kazi ya mifuko, na huko Bara ikabidi serikali ikataze matumizi hayo pia mwaka 2021. Sheria ilikuwa sahihi, lakini pengo la kufungashia bidhaa ndogo ndogo halikuwa limezibwa.

Tena kuna tabia ambazo hakuna askari anayeweza kuzifikia. Hakuna atakayeingia jikoni kwa mtu kuangalia kama sufuria lina mfuniko. Huko ndiko masoko ya kijamii yanakofaa zaidi.

## Kuchagua tabia

4. Lengo letu ni "kutunza mazingira". Kwa nini mnatuambia ni pana mno?

Kwa sababu hakuna mtu anayeamka asubuhi akafanya "kutunza mazingira". Anafagia, anachoma taka, anawasha jiko, anafungua bomba. Tabia ya kufanyia kazi iwe ndogo kiasi kwamba haigawanyiki tena, na iwe ile inayoleta matokeo yenyewe.

Chukua "kutumia gesi". Ndani yake mna kununua mtungi na jiko, kujaza tena mtungi ukiisha, kupikia chai, kupikia ugali, kupikia maharage. Kila kimoja kina vikwazo vyake. Familia nyingi zina mtungi, ila umekaa pembeni ya jiko la mkaa kwa sababu haujajazwa. Mkiihesabu nyumba hiyo kuwa imeshahama, mtakuwa mmepima ununuzi mkaacha upishi. "Kata mti, panda mti" nayo ina tatizo hilo: kupanda ni siku moja, lakini mti unaokolewa na anayeumwagilia wakati wa kiangazi.

5. Tabia ziko nyingi. Tunachaguaje ya kuanza nayo?

Jiulizeni mambo matatu kwa kila tabia. Moja, mtu mmoja akiifanya, mazingira yanapata nini hasa? Pili, ni wangapi hapa kwetu ambao bado hawaifanyi? Tatu, kuna uwezekano gani kwamba wataianza wakisaidiwa? Toeni alama, zidisheni, kisha linganisheni.

Tuseme kamati inachagua kati ya kuhamisha kaya kutoka mkaa kwenda gesi, na kuzifanya ziloweke maharage usiku kucha kabla ya kuyapika. Gesi ina manufaa makubwa kwa kila kaya, lakini uwezekano ni mdogo kwa wenye kipato cha siku kwa siku. Kuloweka kunaokoa mkaa kidogo zaidi kwa kaya moja, ila hakuna gharama, kila nyumba inapika maharage, na muda wa jikoni unapungua sana. Kwa kamati yenye watu sita na bajeti ya nauli, mimi ningeanza na maharage bila kusita. Mafanikio ya kwanza yanawapa watu sababu ya kuwasikiliza mtakaporudi na jambo zito.

Msiruke swali la pili. Kampeni nyingi zinahimiza jambo ambalo karibu kila mtu analifanya tayari, kwa sababu ndilo rahisi kulisema jukwaani.

6. Mfadhili ameshatuchagulia tabia. Tufanyeje?

Mwonyesheni hesabu ya swali la 5. Wafadhili wengi hukubali kubadili wakiona mmefanya kazi ya nyumbani. Akikataa, bado mna nafasi ya kuigawa tabia aliyoileta katika vipande na kuanza na kile chenye uwezekano mkubwa.

## Kutafuta vikwazo

7. Tunajuaje kinachowazuia watu?

Kwa kuangalia, kusikiliza na kulinganisha, kwa mpangilio huo. Kwanza kaeni mahali tabia inapotendeka na mtazame kimya. Nani anabeba taka? Mara nyingi ni mtoto, na pipa limewekwa juu mno asilifikie. Hakuna dodoso litakalowaambia hilo.

Kisha kaeni na vikundi vidogo vya watu wanaofanana: wamama wa kikoba peke yao, vijana wa kijiwe peke yao, wenye nyumba mbali na wapangaji. Mwenyekiti wa mtaa akiwepo, watu watatoa majibu ya heshima. Mwombeni kwa adabu awafungulie kikao kisha awaachie.

Hatua yenye thamani kuliko zote ni kulinganisha wanaofanya na wasiofanya. Njia inayotumika sana katika miradi ya maendeleo ni kuwahoji watu 45 wanaofanya tabia hiyo na 45 wasioifanya, maswali yale yale. Jambo linalotajwa sawasawa na pande zote mbili si kikwazo, hata likitajwa na kila mtu. Kikwazo ni kile kinachozitofautisha pande hizo.

8. Kila tunayemuuliza kuhusu mkaa anasema gesi ni ghali. Tuishie hapo?

Hapana. Chimbeni. Neno "ghali" huficha mambo kama sita tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni namna ya kulipa. Mkaa unanunuliwa kwa kopo, leo kwa hela ya leo. Mtungi unadai fedha nyingi kwa mkupuo, hata kama kwa mwezi mzima gesi ingetoka nafuu. Mtu anayepata riziki kila jioni hawezi kuishi kwa hesabu ya mwezi. Kwake, tangazo linalosema gesi ni nafuu halina msaada wowote. Kinachomsaidia ni kikoba kinachoweka akiba ya kujaza mtungi, au gesi ya mita inayolipiwa kidogo kidogo kwa simu, ambayo imeshafika baadhi ya mitaa ya Dar es Salaam na Nairobi.

La pili ni hofu ya mlipuko, na mtu haisemi hofu yake mbele ya wengine, anasema "ghali". Hofu hiyo haitoki kwa kuambiwa isiwepo. Inatoka jirani yake akimwonyesha namna ya kukagua mpira kwa povu la sabuni, naye akajaribu kwa mikono yake.

Halafu kuna jiko lenyewe. Ugali wa familia ya watu wanane unasongwa kwa nguvu, na jiko dogo la juu ya mtungi linayumba. Kuna maharage na makande, ambayo mpishi anaona yatamaliza gesi, na hapo ana haki kama hayajalowekwa. Kuna umbali wa kubeba mtungi. Kuna ladha pia, nayo msiidharau. Anayesema chakula cha mkaa ni kitamu zaidi hasemi uongo.

Tanzania imejiwekea lengo kwamba asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Lengo hilo litafikiwa au litakwama katika mambo haya madogo ya jikoni, na kamati ya mtaa inayajua kuliko mtu yeyote wa ofisini.

9. Je, kaya na mama lishe tuwaweke kundi moja?

Msiwachanganye. Mama lishe anapika kutwa, masufuria yake ni makubwa, yuko hadharani penye upepo, na faida yake inategemea muda na kuni au mkaa wa siku hiyo. Kikwazo chake na manufaa yake ni tofauti kabisa. Kwake, moshi mdogo unaovutia wateja waliovaa nguo za ofisini unaweza kuwa na uzito kuliko hoja yoyote ya misitu. Fanyeni utafiti wa swali la 7 upya kwa kila kundi.

## Kuchagua mbinu

10. Kumwomba mtu ahadi kunasaidia kweli? Watu si wanakubali tu ili muondoke?

Kunasaidia kuliko watu wengi wanavyodhani, mradi ahadi itolewe kwa hiari. Mwaka 1966 watafiti Freedman na Fraser, huko California, waliwaomba wenye nyumba wakubali bango kubwa la usalama barabarani liwekwe mbele ya nyumba zao. Waliokubali walikuwa kama asilimia 17. Wengine waliombwa kwanza waweke kibandiko kidogo chenye ujumbe unaofanana, na lile ombi kubwa likaja baadaye. Kati yao, asilimia 76 walikubali. Aliyetenda jambo dogo huanza kujiona kuwa mtu wa namna hiyo.

Ahadi ya maandishi ina nguvu kuliko ya mdomo, ya hadharani kuliko ya siri, na ya kikundi kinachojuana kuliko ya mtu peke yake. Kikoba ni mahali pazuri mno: wanachama wanaonana kila wiki na neno la mtu pale lina uzito. Ombeni ruhusa kabla ya kubandika majina popote. Na msimwombe ahadi mtu ambaye bado hana uwezo wa kuitimiza, maana mtamwaibisha bure (swali la 20).

11. Vibandiko na mabango yawekwe wapi?

Karibu kabisa na tendo, kwa mahali na kwa wakati. Kikumbusho cha kuloweka maharage kiwe kwenye ndoo au kopo la maharage, kwa kuwa uamuzi unafanyika jioni ukiwa jikoni. Bango la barabara kuu linasomwa na abiria anayewaza mambo mengine.

Mfano mzuri wa kwetu si wa mazingira, ila unafundisha. Watafiti walibandika vibandiko ndani ya matatu nchini Kenya vikiwahimiza abiria wamkemee dereva anayeendesha hovyo. Katika jaribio la kwanza, madai ya bima kwa magari yale yalipungua kati ya nusu na theluthi mbili. Kibandiko kilikuwa mbele ya macho ya mtu mwenye uwezo wa kutenda, saa ile ile ya kutenda.

Kikumbusho humsaidia aliyekwisha kukubali akasahau. Asiyetaka hakimgeuzi. Toronto walijaribu kupunguza injini zinazounguruma magari yakisubiri watoto shuleni na abiria vituoni. Mabango peke yake hayakuleta badiliko. Walipoongeza mazungumzo na dereva mmoja mmoja na kumwomba ahadi, magari yaliyoacha injini ikiunguruma yalipungua kwa asilimia 32 na muda wa kuunguruma kwa asilimia 73.

12. Ni vizuri kutangaza jinsi hali ilivyo mbaya, kwamba kila mtu anatupa taka ovyo?

Tunaomba sana muiache tabia hii. Kila mkisema "watu wote wanatupa", mnamfundisha msikilizaji kwamba kutupa ndiyo kawaida ya hapa. Katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, timu ya Robert Cialdini ilijaribu mabango mawili. Lililosema wageni wengi huko nyuma wameondoka na vipande vya miti iliyogeuka mawe lilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande ambavyo watafiti waliviweka makusudi njiani. Lililowaomba tu wasichukue lilifuatiwa na wizi usiofika asilimia 2.

Semeni kilicho kweli na kizuri. Katika hoteli moja Marekani, kadi iliyosema wageni wengi hurudia kutumia taulo zao ilifanikiwa kuliko kadi iliyotaja mazingira pekee, asilimia 44 dhidi ya 35, na iliyotaja wageni waliokaa chumba hicho hicho ilizidi hapo. Kadiri mfano unavyotoka karibu, ndivyo unavyovuta. Nyumba ya jirani ina nguvu kuliko sifa za usafi wa Kigali.

Angalizo moja. San Marcos, California, kaya zilizoambiwa zinatumia umeme mdogo kuliko majirani zilianza kuongeza matumizi, kwa kuona zina nafasi ya kupumua. Ongezeko hilo lilizuiwa kwa kuweka alama ndogo ya uso wenye tabasamu kwenye taarifa zao. Kwa hiyo aliye mbele apongezwe, asiachiwe takwimu tupu.

13. Lakini hapa kwetu kweli wengi hawafanyi. Tudanganye?

Kamwe. Mtaa unajijua, na uongo utawamaliza. Semeni kuhusu mwelekeo: "Mwezi huu nyumba kadhaa za upande wa msikitini zimeanza kutenga taka," mkiwa mmezihesabu. Katika utafiti wa Sparkman na Walton wa mwaka 2017, wateja wa mgahawa walioambiwa kwamba baadhi ya watu wameanza kupunguza nyama waliagiza mlo usio na nyama mara mbili zaidi ya walioambiwa tu kwamba baadhi wanakula kidogo, asilimia 34 dhidi ya 17. Watu hufuata kule wanakoona wenzao wanaelekea.

Njia nyingine ni kuitoa tabia ndani na kuiweka nje. Kutenga taka hakuonekani; ndoo ya kijani getini inaonekana.

14. Tuwalipe wanaofanya vizuri? Tuwatoze wasiofanya?

Fedha inasaidia pale kikwazo kilipo fedha, au pale malipo yanapojiendesha yenyewe. Chupa za plastiki ngumu hazijazani mitaroni kwa wingi kama mifuko ilivyokuwa, kwa sababu mwokotaji anazipima kwa kilo na kulipwa. Soko lipo, halihitaji semina.

Hatari inakuja zawadi inapogeuka sababu pekee ya tabia. Mkimaliza kugawa sabuni, tabia nayo inamalizika. Faini ndogo ina mtego wake: shule kumi za watoto wadogo huko Haifa, Israel, zilishiriki utafiti ambamo baadhi zilianza kuwatoza wazazi wanaochelewa kuwachukua watoto. Uchelewaji uliongezeka. Wazazi waliiona faini kama ada ya kuchelewa, na hata ilipofutwa hawakurudi kwenye mwenendo wa awali.

15. Mnasema sana "urahisi". Mfano ni upi?

Magharibi mwa Kenya, wilayani Busia, watu wengi walikuwa wakijua faida ya klorini, dawa ya kuua vijidudu kwenye maji ya kunywa, lakini wachache waliinunua dukani na kukumbuka kuiweka. Kisha mapipa madogo ya klorini yakawekwa pembeni ya visima na chemchemi, bure. Unageuza kishikio, kinatoa kipimo cha dumu la lita 20, na klorini inachanganyika ukiwa njiani kurudi nyumbani. Jirani aliyechaguliwa na kijiji analijaza pipa na kuhimiza wenzake. Katika utafiti uliofanywa huko, karibu kaya 60 kati ya 100 zilitumia klorini, wakati kwenye vijiji vya kulinganishia zilikuwa kama kaya moja kati ya kumi.

Angalieni mambo yaliyokutana pale: bei iliondoka, hatua zikapungua, kikumbusho kikawa ni chombo chenyewe, na kila mchota maji akaonekana na wenzake. Mkiwa na fedha za kufanya jambo moja tu, punguzeni hatua. Hotuba ije baadaye.

16. Nani afikishe ujumbe?

Mtu anayeifanya tabia hiyo na anayefanana na wasikilizaji. Mpishi wa kwenye shughuli za mtaa akisema maharage yaliyolowekwa hayapotezi ladha, hoja imefungwa. Ofisa wa wilaya akisema hivyo hivyo, watu watampigia makofi tu. Watu wenyewe hawaoni jinsi majirani wanavyowavuta: utafiti wa California wa mwaka 2008 ulikuta wakazi wakiutaja mfano wa majirani kuwa sababu yenye uzito mdogo kuliko zote ya kuokoa umeme, ilhali ndiyo iliyohusiana zaidi na matumizi yao.

Fahari ya mahali nayo ni mjumbe. Mwishoni mwa miaka ya 1980 ilihofiwa kwamba popo wa Pemba, asiyepatikana kwingineko duniani, angetoweka kwa kuwindwa. Vijiji vikaunda vilabu vya kuwalinda, Kidike kikiwa kinachojulikana zaidi, na leo wanahesabika kwa maelfu. Mpemba alipoanza kumwona kuwa ni popo wake, maneno mengi hayakuhitajika.

## Kujaribu na kupima

17. Kwa nini tuanze na mtaa mdogo wakati tatizo ni la wilaya nzima?

Kwa sababu mkakati wa kwanza karibu kila mara una kasoro, na kasoro ya nyumba 60 inarekebishika. Chagueni maeneo mawili yanayofanana, moja lipate mkakati na jingine lingoje. Bila eneo la kulinganishia, mvua, bei ya mkaa au mfungo wa Ramadhani vinaweza kuonekana kama ushindi wenu, au kama kushindwa kwenu.

Jaribio lisipofanya kazi, rudini kwenye swali la 7 kabla ya kubadili maneno ya bango. Likifanya kazi, panueni bila kuongeza madoido ambayo hayakujaribiwa.

18. Tunapimaje bila vifaa wala wataalamu?

Pimeni kinachoonekana, kabla na baada. Mizani ya kuning'iniza inatosha kupima viroba vya taka kavu na za kuoza. Hesabuni ndoo zilizotoka nje siku ya gari. Ombeni muuza mkaa wa mtaani awaambie anauza magunia mangapi kwa wiki, akikubali, na mmhakikishie kwamba jina lake halitatajwa.

Msitegemee kuuliza "Je, unatenga taka?" Kila mtu atasema ndiyo, kwa sababu ya adabu kwa mgeni. Ulizeni badala yake: "Naomba nione ndoo ya mabaki ya leo."

Pimeni tena baada ya miezi kadhaa, mradi ukiwa umeshaondoka mtaani. Kipimo cha wiki ya mwisho ya mradi hakina maana kubwa.

## Mazingira magumu

19. Nyumba zetu ni za kupanga, familia sita uani mmoja. Nani atoe ahadi?

Hapa uamuzi umegawanyika: mwenye nyumba anaamua mahali pa mapipa, wapangaji ndio wanaotupa. Anzeni na mwenye nyumba kuhusu nafasi na ada, kisha fanyeni kikao kifupi cha wapangaji wote siku moja, pale pale uani. Zamu ya usafi ambayo tayari ipo ni mahali pazuri pa kupachika tabia mpya. Na kwa kuwa wapangaji wanahama, ndoo na kibandiko vibaki na nyumba ili anayeingia akute utaratibu unaendelea.

20. Tumefundisha kutenga taka, halafu gari linakuja na kuchanganya zote. Tuwaambie nini watu?

Waambieni ukweli na msimamishe zoezi mpaka mlitatue. Mkazi aliyetenga kwa wiki tatu akaona jasho lake linamwagwa kwenye rundo moja hatarudia, na hatawaamini tena kwa jambo jingine. Hilo ni kosa la mfumo, na halirekebishwi kwa kumhimiza mkazi.

Mara nyingi kuna njia ya kati: mabaki ya chakula yachukuliwe na mfugaji wa nguruwe au kuku, au yawekwe kwenye mboji ya kikundi, na plastiki ngumu zichukuliwe na waokotaji siku nyingine kabisa na ile ya gari. Mkishayapanga hayo na watu wenye sura na namba ya simu, ndipo muombe ahadi.

21. Watu wetu wanakata mikoko kwa ajili ya riziki. Vibandiko vitasaidia nini?

Peke yake, havisaidii chochote, na kumhubiria mtu mwenye njaa ni kumkosea. Pale manufaa ya kuharibu ni chakula cha leo, lazima manufaa ya kuhifadhi nayo yaonekane. Gazi, kaunti ya Kwale nchini Kenya, mradi wa Mikoko Pamoja unalinda takribani hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ya ukaa tangu mwaka 2013, yaani hulipwa kwa kaboni ambayo mikoko hiyo inaihifadhi, na mapato yamekwenda kwenye maji na shule za vijiji husika. Mwanakijiji anayechota maji anaona mikoko ikimlipa. Mbinu za swali la 10 hadi la 13 zinafanya kazi juu ya msingi wa namna hiyo.

22. Je, huku si kuwachezea watu akili?

Swali hili ni la haki na liulizwe kila mara. Vipimo vyetu ni vitatu: mtu akijua mbinu tuliyotumia, ingeendelea kufanya kazi na asingeudhika? Anaweza kukataa bila kuadhibiwa? Tabia yenyewe ina manufaa kwake au kwa jamii yake, kwa kauli yao wenyewe? Jibu la swali moja likiwa hapana, acheni.

Kuna dhuluma nyingine isiyosemwa sana, nayo ni kumtwisha mwananchi mzigo wa wengine. Kampuni inayomwaga vifungashio sokoni isifadhili mabango ya kumwambia mama mboga aokote, kisha ikajiona imemaliza. Kamati inaweza kubadili mazoea ya mtaa na wakati huo huo ikadai gari la taka, bei ya haki ya ada na uwajibikaji wa mzalishaji.

23. Hatuna bajeti kabisa. Tunaweza kuanza?

Mnaweza. Utafiti wa swali la 7 unahitaji daftari na jioni chache. Chagueni tabia isiyogharimu kaya chochote, kikoba kimoja kilicho tayari, na eneo moja la kulinganishia. Kibandiko kinaweza kuandikwa kwa mkono na wanafunzi wa klabu ya mazingira. Fedha mtakazozihitaji kwanza, zikipatikana, ni za mizani na nauli ya kurudi kupima baada ya miezi mitatu. Mfadhili akiona daftari lenye vipimo vya kabla na baada, mazungumzo naye yatakuwa tofauti kabisa na yale ya swali la 6.